Shamba Chafu la Msomi

Ukitaka kuutia ukoo wako aibu, si lazima uibe wala ulewe. Soma kilimo chuo kikuu, kisha rudi kijijini ukalime. Kwetu upande wa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, shahada ni tiketi ya kuondokea shambani. Anayerudi nayo huulizwa kwa sauti ya chini kafukuzwa wapi.

Mimi nimerudi kwa hiari yangu. Nataka kuwa mtaalamu wa kilimo hai: udongo unaolishwa mboji, mahindi yasiyopuliziwa sumu, shamba lisilohamia mtoni kila masika. Nikieleza hivyo watu wananisikiliza kwa adabu, kisha wanauliza mbolea ya ruzuku inafika lini. Tangu mpango wa ruzuku uanze mwaka 2022, mwenye cheti chochote cha kilimo huhesabiwa kuwa ana ghala lake mahali. Nikisema sina, wanaitikia "haya" kwa namna ya watu waliokwisha kujua kwamba nimewawekea ndugu zangu.

Waluguru tunafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye neno la mwisho juu ya ardhi ni mjomba. Wangu alinigawia kipande cha mlima ambacho hata mbuzi hukipanda kwa tahadhari. "Anzia hapa, mpwa wangu," akasema, "tuione hiyo elimu."

Elimu ikasema nifunike udongo. Nikakata nyasi, nikabeba mabua ya msimu uliopita na majani makavu ya migomba, nikayatandaza shamba zima ili jua lisiikaushe ardhi na mvua isiibebe. Kwa mtaalamu hayo ni matandazo. Kwa kijiji ni takataka. Mkulima hodari hapa hujulikana kwa shamba lililofagiwa: anakusanya kila kitu, anachoma moto, ardhi inabaki wazi na wapita njia wanasifu. Mabua yaliyolala ovyo ni dalili kwamba mwenye shamba ni mgonjwa au mlevi. Wengi walinipa pole. Mmoja alimuuliza Mama Mdogo kama nina mtu wa kunisaidia.

Wakati huo shirika moja lilikuwa likitafuta vijana wa kufundisha wakulima wenzao kilimo hai. Nikaomba, wakanijibu kwamba Jumatatu watakuja kuliona shamba langu. Nilimpa Mama Mdogo habari hizo kwa furaha, na Jumamosi nikashuka mjini kutoa kopi za vyeti. Jioni nilipopanda mlima, moshi ulinipokea kabla ya watu. Mama Mdogo alikuwa kasimama katikati ya shamba na reki mkononi, kanga kaifunga kiunoni, masizi hadi kwenye kope, anatabasamu. Alikuwa amezoa kila jani na kila bua, pamoja na rundo langu la mboji lililokuwa ndiyo kwanza linapata joto zuri, akaviteketeza vyote. "Nisingekubali wageni wakukute na uchafu ule," akasema. Mtu aliyekuinamia tangu asubuhi humgombezi. Nilimshukuru, nikamnunulia soda.

Wageni wakaja na madaftari yao, wakasimama kwenye majivu. Kabla sijafungua mdomo, Mama Mdogo alishawaeleza hatua kwa hatua alivyochoma, na upepo ulivyomsaidia. Mmoja wao aliandika kwa muda mrefu mno. Nilishauriwa niombe tena msimu ujao. Mjomba yeye aliridhika: "Leo ndiyo shamba la msomi."

Nikapanda mahindi juu ya majivu, na viwavijeshi vamizi wakaja. Asili yao ni bara la Amerika. Afrika walibainika mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakawa wenyeji wa Tanzania. Utamtambua kiwavi huyu kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Hujificha ndani kabisa ya moyo wa muhindi, anakula huku anajizibia mlango kwa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Sumu nilikuwa nimeikataa hadharani, kwa hiyo nikaponda majani ya mwarobaini, nikaloweka usiku kucha, nikachuja, nikakwangulia sabuni ya kipande ili dawa ishike jani, nikaacha jagi jikoni. Niliporudi kulichukua, lilikuwa nusu. Mjomba alikuwa ameamka na tumbo. "Dawa yako ina nguvu," akanisifu. "Ya wenzako haitoi povu." Akaomba nimtengenezee nyingine.

Nusu jagi halitoshi mlima. Nikawatangazia watoto: viwavi kumi, shilingi mia. Makopo yakaja, kesho yake yakaja mengi zaidi, nami nikaamini shamba langu ndilo makao makuu ya viwavi wote wa mkoa. Ndipo nilipomkuta jirani wa chini kakaa kivulini, akiwasimamia watoto wale wale wakichambua mahindi yake. Alinisalimia kwa heshima kubwa. "Mtaalamu! Mradi wako tumeupokea."

Nikaweka sharti: viwavi wa kwangu tu, na tutahesabu asubuhi. Hapo ukazuka ugomvi mpya, maana viwavi hawa hulana. Kopo linalolala na thelathini huamka na ishirini na kitu, wote wamenona. Mimi nilitaka kuwalipia ninaowaona. Msemaji wa watoto, wa darasa la nne, akasema wasioonekana wamo ndani ya wanaoonekana, kwa hiyo hesabu haijapungua. Nililipa.

Mvua zilipokolea nikaanza kuchimba matuta ya ngazi. Bibi, ambaye hajawahi kukanyaga shamba langu, akapanda mlima. "Hayo tuliyakataa mwaka 1955," akasema akiwa bado anahema. Ni kweli. Mkoloni aliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwenye miteremko yao, mwaka huo Matombo ikawaka, mtu mmoja akauawa, na mradi ukafa. Mjomba akaongeza kwamba sasa mkoloni ni mjukuu. Nikauliza, kwa upole wa kisomi, matuta yalikuwa na kosa gani. Bibi akaokota bonge la udongo niliochimbua, jekundu, gumu, akalisugua kwenye kiganja changu. "Huu wa chini umeuleta juu. Mweusi umeufukia. Utakula nini?" Chuoni swali hilo lilikuwa na alama kumi. Nilipata sita.

Aliniagiza nipande mananasi, safu zikikingama mteremko, yashike udongo. Nimepanda. Mama Mdogo ameahidi kutoyachoma kwa kuwa yanalika. Shirika likija tena, Bibi amesema atazungumza yeye. Na wale watoto wa viwavi wameshakuja kuuliza ni nani atakayelinda mananasi yakiiva. Bei wanayo.