Namna ya Kuoga Hamamu kwa Mtu Mwenye Haraka

Vua saa kwanza, nguo baadaye. Mwongozo huu ni wako wewe unayeoga kwa ndoo moja na kata, dakika nne, povu bado liko nyuma ya sikio na mguu mmoja umeshaingia kwenye kiatu kwa sababu daladala inapiga honi. Mlangoni mwa hamamu ya Istanbul hakuna honi inayokuhusu. Ndani kuna jiwe la moto lililolala pale pale kwa karne kadhaa, na kazi yako ni kulala juu yake. Sharti la kwanza ni hili: marufuku kuuliza "Bado?"

Chagua hamamu iliyozoea watu. Ile ya Çemberlitaş, karibu na Soko Kuu, ilijengwa mwaka 1584 na Mimar Sinan kwa amri ya Nurbanu Sultan, mama yake Sultan Murad III, na mpaka leo watu wanaoga humo. Ya Cağaloğlu ni ya mwaka 1741, zama za Sultan Mahmud I, na mapato yake yalikwenda kwenye maktaba ambayo sultani huyo aliianzisha katika msikiti wa Ayasofya. Watu walitoka jasho, wengine wakasoma. Sijasikia kodi iliyotozwa kwa upole kuliko hiyo.

Kwenye chumba cha kuvulia nguo utapewa kipande cha pamba, chembamba, cha milia, kina matamvua pande mbili. Hiyo ndiyo peshtemali. Usikunje uso kudai taulo nene la hotelini. Mwanamume aliyekulia Lamu au Unguja hahitaji somo hapa, kwani huyu ni ndugu wa kikoi: zungusha, kaza, kunja kiunoni. Mwanamke ajifunge kifuani kama anavyofunga kanga akitoka bafuni. Upande wa wanaume peshtemali haivuliwi tangu kuingia mpaka kutoka. Fundi atakusugua bila kukuvunjia heshima, nawe usimvunjie yake.

Miguuni vaa utakachopewa, maana marumaru yenye povu haina urafiki na mtu. Zamani walivaa nalini, viatu vya mbao virefu vya kumwinua mtu juu ya maji, na vya matajiri vilipambwa kwa magamba ya chaza yanayometa. Ukiona nalini utaitambua mara moja. Ni mtalawanda wa bibi zetu, ule uliosikika kwa-kwa-kwa kutoka chooni kabla mwenyewe hajaonekana.

Sasa ingia, lakini usirukie motoni. Hamamu ina chumba baridi, chumba cha vuguvugu na chumba cha joto, na mwili unatakiwa kuvipitia kwa mpangilio huo kama mgeni anavyopita baraza na sebule kabla ya kufika ndani. Utaratibu huo, pamoja na ufundi wa kupitisha moto chini ya sakafu, ni urithi wa Warumi. Nafasi ile ya chini ya sakafu, ambamo moshi na joto la tanuri hupita, Waturuki wameipa jina linalotokana na Jahanamu. Wewe uko juu yake, umelala kifudifudi, shavu kwenye marumaru. Tulia, kisha geuka chali. Juu yako kuba limetobolewa vitundu vya duara vilivyozibwa kwa vioo, wenyewe wanaviita macho ya tembo. Kila jicho linaangusha mwali mmoja wa jua, na mwali unaonekana kwa sababu hewa imejaa mvuke. Kama bado unaifikiria simu yako, hesabu macho ya tembo. Ukipoteza hesabu, anza upya. Mwili umeanza kulainika.

Jiwe ulilolilalia, lile la katikati, linaitwa jiwe la kitovu. Lala robo saa, au zaidi. Waturuki wana methali kwamba aingiaye hamamu hutoka jasho. Wanamwambia hivyo mtu anayelalamikia gharama ya jambo alilolianza mwenyewe. Ukiona joto linazidi, kaa pembeni karibu na birika la marumaru, kurna, jimwagie maji kwa bakuli la shaba. Na hapa nasema kwa ukali: usitumbukize mkono wenye sabuni ndani ya kurna, wala usidhani ni beseni la kukaa. Maji ya kurna huchotwa yakiwa safi na kumwagwa mwilini. Yaliyogusa mwili hayarudi, yanakwenda zake sakafuni. Mwislamu wa pwani aliyelelewa kutawadha kwa maji yanayotiririka ataelewa bila kuelezwa.

Kisha anakuja fundi. Wa wanaume huitwa telaki, wa wanawake natiri, nawe ukimwita "usta", yaani fundi, utakuwa umemwita ipasavyo. Mkononi amevaa kese, mfuko wa kukwaruza uliofumwa, unaofanya kazi ya dodoki bila huruma ya dodoki. Anaanza mgongoni, mivuto mirefu kutoka kiunoni kwenda bega. Mvuto wa tatu au wa nne, nongo zinaanza kuviringika, nyembamba, za kijivu, kama tambi zilizokatwakatwa. Atakuonyesha mkononi mwako. Usione haya na usijitetee kwamba umeoga asubuhi. Anakuonyesha kazi yake kama seremala anavyoonyesha maranda ya mbao. Baada ya hapo huchovya mfuko wa kitambaa kwenye maji ya sabuni, huujaza hewa, huukamua, na wingu la povu linakufunika mwili mzima usionekane.

Wanawake ndio waliojua kuitumia hamamu mpaka mwisho. Walikwenda na bahasha ya kitambaa iliyotariziwa, yenye nguo safi, peshtemali na chakula, wakashinda humo. Bibi harusi alipelekwa na ndugu na marafiki zake, akaoshwa kwa nyimbo, kama mwali wetu anavyosingwa kwa liwa na kungwi wake akiwa pembeni. Mtoto akifikisha siku 40 naye aliletwa pamoja na mama yake. Mama mwenye kijana wa kuoza alikuja na macho mawili ya ziada. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliingia hamamu ya wanawake mjini Sofia mwaka 1717, mji ukiwa chini ya Waosmani, akaandika kwamba mahali pale kwa wanawake ni kama mgahawa wa kahawa kwa wanaume: habari zote za mji zinapita hapo. Dakika nne zako hazitoshi hata habari moja.

Ukishatoka, umefungwa peshtemali kavu kiunoni, nyingine mabegani na ya tatu kichwani, chai iko mkononi, ndipo utatamani kununua moja. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wanapotapeliwa.

Miji ya kufuma peshtemali iko magharibi ya Uturuki, mkoani Denizli, hasa Buldan na Babadağ. Kwenye kitanda cha mfumi nyuzi za mtande zimekazwa kwa urefu, fundi anakanyaga chini kuzifungua, anapitisha uzi wa mshindio, kisha anavuta ubao unaougonga uzi ukae mahali pake. Kanyaga, pitisha, gonga. Kila uzi mmoja ni kazi ya mgongo. Kitambaa kikikatwa, ncha za mtande zinabaki zikining'inia, na hizo ndizo matamvua: fungu la nyuzi husokotwa kuelekea upande mmoja, likaunganishwa na jirani yake kwa kusokotwa kinyume, kisha fundo. Ufundi wa mashine utauona kwenye kingo zilizonyooka kama rula. Kingo za mkono hutetemeka kidogo, na mtetemo huo ndio unaoulipia. Kama una shaka na pamba yenyewe, omba uzi mmoja wa tamvua uuchome: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, plastiki huyeyuka ikawa shanga ngumu.

Usimlaumu mfumi peshtemali mpya ikikataa kunywa maji. Uzi bado umebeba wanga na mafuta yake. Iloweke usiku kucha kwenye maji baridi, ifue, ianike, rudia. Kila kufuliwa inalainika na kunywa zaidi. Dawa za kulainishia nguo usiisogezee kabisa, zinaziba nyuzi. Hata taulo lako nene lenye vitanzi asili yake ni huko huko: Henry Christy aliona kitambaa cha namna hiyo Uturuki, akapeleka mfano Uingereza, Samuel Holt akabuni mashine ya kukifuma, na mwaka 1851 taulo zao zikaonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London. Vitanzi vilipata mashine, vikajaa duniani. Peshtemali ya mkono inategemea watu wachache wenye migongo inayouma, kwa hiyo bei akikutajia mfumi mwenyewe, lipa.

Hata sisi hamamu tulikuwa nayo. Mtaa wa Hamamni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, umepewa jina na hamamu ya Kiajemi iliyojengwa zama za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ili watu wa mji waoge. Leo mabirika yake ni makavu na wageni hulipa kiingilio kuyatazama. Ukifika nyumbani na peshtemali yako, usiitundike ukutani. Jifute nayo.