Ombi la Hati ya Kugoma kwa Mfumo

KUMB. NA.: Itatolewa mfumo utakaporudi

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

YAH: MAONI YA WAKAZI WA PEMBEZONI MWA DAR ES SALAAM KUHUSU UJIO WA MASHINE ZENYE AKILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wakazi wa Mabwepande, Bunju na Tandale katika Manispaa ya Kinondoni, pamoja na wenzao wa Buza, Chamazi na Mbagala katika Manispaa ya Temeke, wanaipongeza Mamlaka, ambayo ilipewa jina na nguvu zake za sasa na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, kwa kazi ya kuzitoa huduma za umma kwenye madirisha ya ofisi na kuzipeleka kwenye skrini za simu. Wanafahamu kwamba hatua inayofuata imekwisha kujadiliwa katika makongamano mengi, nayo inahusu akili mnemba, yaani programu zinazofundishwa kwa mifano mingi hadi ziweze kutambua sura, kujibu maswali na kufanya makadirio. Inahusu pia ndege nyuki, yaani ndege ndogo zisizo na rubani. Magari yasiyo na dereva. Na mita za nyumbani zinazopashana habari na makao makuu bila kuamriwa na mtu. Kwa kuwa makongamano hayo hufanyika katika kumbi zenye viyoyozi na jenereta, wakazi wameona ni uungwana kuzieleza mapema mila za maeneo yao, ili mashine hizo zitakapofika zisijione ugenini.

Mila ya kwanza inayopaswa kufahamika ni steshenari. Kwa mujibu wa mipango, mzazi anayetaka kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, kumwombea mwanawe mkopo wa elimu ya juu au kusajili jina la biashara BRELA hufanya hivyo mwenyewe, popote alipo na saa yoyote aipendayo. Kwa mujibu wa mazoea, hushuka hadi steshenari iliyo karibu, chumba chenye kompyuta moja, mashine ya kutolea kopi na feni, ambamo kijana mmoja humfungulia akaunti, humtungia nywila, humjazia fomu, huiprinti, humtuma nayo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ikapigwe mhuri, kisha huiskani na kuirudisha mtandaoni ilikotoka. Karatasi haikufutwa katika utaratibu huu bali imeongezewa safari mbili, na mwananchi, ambaye zamani alikuwa mteja wa ofisi moja, sasa ndiye waya unaoziunganisha ofisi tatu. Nywila, kwa kuwa mwenyewe huisahau kabla hajafika nyumbani, huandikwa ndani ya kaunta buku la kwaya mbili linalowekwa chini ya meza, jirani na bahasha na gundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za watu zitunzwe kwa usalama, na wakazi wanathibitisha kwamba buku hilo lina jalada gumu, halijawahi kudukuliwa kutoka nchi yoyote ya kigeni, na hufunguka hata umeme ukiwa umekatika. Wanapendekeza litambuliwe rasmi kuwa kituo cha kuhifadhi data cha kata.

Mila ya pili ni ya tarakimu na vidole. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na tokeni ya LUKU, ule utaratibu wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, nayo ina tarakimu 20, kwa hiyo mkazi wa Buza anayetaka kujitambulisha kwa Serikali na kuwasha taa jioni hiyohiyo hubonyeza vitufe mara 40, bila kuhesabu zile mara anazokosea. Serikali ilipoagiza laini za simu zisajiliwe upya kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, ilidhihirika kwamba mashine hukiamini kidole kuliko inavyomwamini mwenye kidole. Mpasua kokoto wa Kunduchi, ambaye alama zake zimesagwa na mawe kwa miaka mingi, anaweza kusimama mbele ya kisomeo cha vidole, pembeni yake akiwapo jirani anayemjua tangu utotoni, na bado asiwe yeye. Kwa sababu hiyo, kamera za kutambua sura zitakapoletwa, inaombwa zifahamishwe mapema kwamba sura ya mtu wa pembezoni anayetoka saa kumi alfajiri kuwahi gari haifanani na ile anayorudi nayo saa nne usiku, ingawa zote mbili ni zake na zote zinadaiwa.

Haki inataka isemwe pia kwamba zipo mashine zilizojifunza kazi kwa kasi ya kustaajabisha. Tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, kwa viwango vya kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, na hakuna simu iliyosikika ikilalamika kwamba haijaelewa maelekezo. Mwezi uliofuata kodi ya majengo iliingizwa ndani ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa, ikakatwa papo hapo umeme unaponunuliwa. Na kwa kuwa mita haimjui mwenye nyumba wala mpangaji, mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, ambaye tayari alikuwa amelipa pango la miezi sita kwa mkupuo, alijikuta akilipia jengo lisilo lake, ikabaki kwake na mwenye nyumba kuelewana wakiweza. Wataalamu wanaahidi mita zenye akili zaidi, zitakazojua friji limewashwa saa ngapi na pasi imetumika kwa muda gani, na wakazi hawana shaka kwamba mita hizo zitaweza kukata mengi zaidi kwa ustadi zaidi. Wanachosubiri kwa hamu ni mita itakayotambua, kwa akili hiyohiyo, kwamba umeme ulikatika tangu saa tisa alasiri, samaki wa mama mchuuzi wakaharibika, naye akastahili kurudishiwa chochote.

Kuhusu usafiri, inafahamika kwamba katika jiji la San Francisco nchini Marekani magari ya kampuni ya Waymo hubeba abiria bila dereva, yakiongozwa na kamera na vihisi, yaani vifaa vinavyopima umbali na mwendo wa vitu vilivyo karibu, na kwamba yamefundishwa kusimama kila yanapoona mtu mbele yake. Kwa sharti hilo, daladala ya namna hiyo ikifika kituo cha Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi haitaondoka hapo kabla ya saa tano. Ili iweze kushindana na wenzake, italazimika kufundishwa kuchomekea, kukatisha ruti abiria wanapopungua, na kuitambua sare ya mwanafunzi kutoka mbali ili impite bila kupunguza mwendo, kwa kuwa nauli yake ya shilingi 200 haisaidii kutimiza hesabu ya tajiri. Hizo ni kazi ambazo kwa sasa suka na konda wake huzifanya kwa macho matupu, bila kamera wala bando. Makutano ya Mwenge na ya Chang'ombe yamekwisha kutoa somo la awali kuhusu uhusiano wa binadamu na mashine zinazojiendesha, maana hapo taa za barabarani huwaka kijani ilhali askari wa usalama barabarani amesimama chini yake, mkono ameunyoosha, magari yote yamesimama. Na hakuna dereva aliyewahi kuchanganyikiwa juu ya nani wa kutiiwa. Njia ya zege ya mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Kilwa, iliyokamilika kisha ikakaa muda mrefu ikiyasubiri mabasi yake, iliongeza somo la pili, kwamba maendeleo hufika Mbagala kwa vipande, na kipande cha kukaguliwa na viongozi hutangulia kile cha kupandwa na abiria.

Inaweza kufikiriwa vilevile kwamba barua ya utambulisho, ambayo bila hiyo mkazi hafungui akaunti ya benki wala kumdhamini ndugu yake polisi, siku moja itatolewa na programu ya akili mnemba badala ya mwenyekiti wa mtaa. Programu hiyo itapatikana usiku na mchana, haitakuwa msibani wala shambani Mkuranga, na haitaomba pesa ya karatasi. Upungufu wake ni kwamba mwenyekiti wa sasa anajua kuwa nyumba inayouzwa ina warithi wanne ambao watatu hawajaambiwa, na kuwa mwombaji anayejiita mkazi alihama baada ya kudaiwa na mtaa mzima, ilhali programu itajua Kiswahili sanifu. Kwa kuzingatia uzoefu wa huko nyuma, wakazi wanakisia kwamba vyote viwili vitadumishwa: programu itatoa barua ndani ya sekunde mbili, na mwombaji ataipeleka kwa mwenyekiti aithibitishe kwa mhuri, atakaporudi kutoka Mkuranga.

Isidhaniwe kwamba watu hawa wanazichukia mashine. Tandale ilichorewa ramani ya kidijitali mwaka 2011 kwa kuwashirikisha wanafunzi na wakazi wenyewe, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulichora nyumba, mifereji na vichochoro vya kata zinazokumbwa na mafuriko, ukisaidiwa na picha za ndege nyuki. Ubora wa kazi hiyo ulitokana na jambo ambalo ndege haiwezi kulifanya: picha ya angani huonyesha bati, lakini haionyeshi maji yalifika wapi masika iliyopita, kwa hiyo ilibidi mtu ashuke akamwulize mwenye bati. Mashine ilimfuata mkazi na kutaka alichokijua, na mkazi hakuagizwa aende kokote kuleta nakala kivuli ya kitambulisho na picha mbili za paspoti. Operesheni ya anwani za makazi iliyozinduliwa Februari 2022, iliyozipa nyumba namba na kuleta programu ya simu ya kuzitafutia, ilikuwa na nia njema kama hiyo, lakini vibao vikiisha kubandikwa wenye nyumba hawakuulizwa tena, na bodaboda anayeleta mzigo Chamazi bado huelekezwa afike dukani kwa Mangi, akate kushoto, kisha apige simu.

Yote yaliyotangulia yanavumilika. Lisilovumilika ni kauli moja ambayo kila mkazi ameisikia akiwa amesimama mbele ya dirisha, fomu mkononi, nayo ni kwamba mfumo umegoma. Mfumo hugoma bila notisi, bila chama cha wafanyakazi na bila kueleza madai yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizolala chini ya bahari zilikatika na intaneti ikadorora nchini na kwa majirani. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na safari hiyo bahari haikuhusika. Siku za kawaida hakuhitajiki sababu kubwa kiasi hicho, na mhudumu huitamka kauli hiyo kwa upole, hunyanyua mabega, akamshauri mteja ajaribu kesho. Anayelipa gharama ya kesho hiyo anajulikana. Ni mwenye genge aliyefunga biashara yake siku nzima, aliyepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na ambaye siku yake ya mwisho ya kulipa haikusogezwa hata kwa saa moja. Faini ikicheleweshwa huongezeka yenyewe na riba hujihesabu yenyewe, lakini mashine inayozihesabu kwa uangalifu siku za kuchelewa kwa mlipaji haijawahi kuonyesha hesabu ya siku zake.

Kwa hiyo wakazi wanaomba jambo moja tu, nalo ni Hati ya Kugoma kwa Mfumo. Hati hiyo itolewe dirishani kwa kila mteja anayerudishwa, ikitaja ofisi, tarehe na saa, nayo iwe na nguvu nne: isimamishe faini na riba kwa muda wote ambao mfumo haukupatikana, isogeze mbele siku ya mwisho ya maombi yoyote, iwe ni ya mkopo, ajira au leseni, impe aliyeishika haki ya kuhudumiwa kwanza atakaporudi, bila kudaiwa upya nyaraka alizokwisha kuzileta, na imrudishie nauli kwa njia ya simu, kwa kasi ileile iliyotumika kukata tozo mwaka 2021. Kitaalamu ombi hili halina ugumu wowote, kwa sababu mtambo unaojua kwamba mwananchi amechelewa kwa saa 24 unajua pia kama wenyewe ulikuwa umezimika katika saa hizo. Kinachokosekana ni safu moja katika jedwali, na ofisa wa kuagiza ijazwe.

Mashine itakayoweza kuitoa hati hiyo itakaribishwa Mabwepande na Chamazi, iwe ya kuruka, ya kuendesha au ya kuongea, na wakazi watajitahidi kuielewa hata ikikosea majina yao. Isiyoweza, hata ingekuwa na akili nyingi kiasi gani, itakuwa na akili ya upande mmoja, yaani upande wa kukusanya, na akili ya aina hiyo wakazi wanayo tayari ukutani, ndani ya kiboksi cha LUKU.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Wakazi wa pembezoni, Kinondoni na Temeke.