Sifa za Lengelenge

Wasiostahili sifa wamekwisha kusifiwa vya kutosha katika Maniema. Wakubwa husifiwa wanapoingia ofisini, na husifiwa maradufu siku wanapoondoka. Madaraja husifiwa kwa ngoma kabla gogo la kwanza halijakatwa. Basi na mimi naomba nafasi nimsifu mmoja ambaye hajapata kumwahidi mtu chochote: Lengelenge, mwenyeji wa kisigino, jirani wa kidole kidogo, anayewatembelea bila kukosa wote wanaojifunza kukimbia marathoni katika barabara ya Kasongo kwenda Kabambare.

Najua nitakumbushwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wangu alitia maji kabla hajasifiwa na yeyote, na maji yake ni safi.

Mtazameni akiwa kazini. Kiatu kinavuta ngozi huku, mfupa unakwenda kule, hatua maelfu kwa maelfu. Mwishowe tabaka za juu za ngozi zinachoka kushikana, zinaachana, na katika pengo hilo mwili unaleta maji maangavu, kidogo kidogo, mpaka paa lote linanyanyuka. Hakuna mwashi aliyeitwa, hakuna zabuni iliyotangazwa. Ulitoka nyumbani alfajiri na kisigino kitupu. Jua halijafika utosini, jengo limekamilika, lina paa, lina maji ndani. Nitajieni kazi nyingine ya umma mkoani kwetu iliyokwisha kwa muda huo. Tena si jengo la fahari tu. Maji yale yanailinda ngozi changa inayoota chini, ndiyo maana waganga wa wanariadha wanatuonya tusilibomoe paa. Likizidi kuuma, sindano ipitishwe motoni, ichome pembeni, maji yatoke taratibu, na ngozi ya juu iachwe ilale mahali pake. Anayeichuna kwa hasira ataonja chumvi ya jasho lake mwenyewe.

Ngozi iliyolowa husuguka vibaya kuliko ngozi kavu, na kwetu mvua zikianza Septemba hazituachi hadi karibu na Mei. Kwa hiyo Lengelenge ana msimu mrefu kuliko wa mpunga.

Vitabu vya mazoezi vinataka mkimbiaji wa marathoni awe na kocha, awe na viatu vya kubadilisha, apumzike siku zake, akute meza ya maji kila kilomita 5. Kocha wa marathoni mimi sijamwona njiani kwetu, na meza ya maji ni mama anayeuza ndizi chini ya mwembe, ikiwa umemsalimu vizuri. Aliyebaki kutufundisha ni Lengelenge. Yeye hana hotuba. Ukianza kwa kasi ili watoto wa shule wakuone, jioni unakuta ameshaandika. Ukivaa soksi ya jana, anajua. Ukikosa mazoezi wiki nzima kisha ukataka kulipa deni lote Jumapili moja, anakungoja kwenye kilima cha kwanza. Mvua haimzuii kufika kazini, hagomi, na hamdai mtu malimbikizo ya mshahara.

Hizo kilomita 42 na mita 195 za marathoni zilipimwa London mwaka 1908, kutoka kasri la Windsor hadi mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani. Njia zetu zilipimwa na mizigo. Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, yaani marathoni mbili na ya tatu imekatikia njiani, pamoja na mchanga, utelezi, na magogo ya daraja ambayo lazima uyachungulie kabla ya kuyakanyaga. Na watu wanaikata njia hiyo wakisukuma kinga, yaani baiskeli. Kinga ya biashara haipandwi, inabeba. Fimbo moja inafungwa kwenye usukani ili mwenyewe aiongoze akiwa pembeni, nyingine nyuma ya kiti kwa ajili ya kusukumia, na katikati ni bidoni za mawese zinazoshuka chini kiasi cha kuficha pedeli.

Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, nilimkuta kwenye mpando baada ya kijito. Alikuwa ameegemeza kinga kwenye kijiti, amekaa juu ya jiwe, amekunja mguu juu ya goti. Lengelenge wake alikuwa mkongwe kuliko wangu, paa lake limekuwa la rangi ya chai. Akachovya kidole kwenye mawese yaliyovujia shingo ya bidoni, akajipaka kisigino kizima polepole, akavaa tena kiatu chake cha tairi. Wakimbiaji wa Ulaya hujipaka vazelini mahali hapo hapo kwa sababu hiyo hiyo, ila wao hununua kwenye kikopo. Nikamuuliza, "Papa, haikuumi?"

"Inauma. Na wewe, nani anakukimbiza?"

Swali hilo kwetu halichekeshi. Watu wa upande wa Kabambare wamekwisha kukimbia sana, na hawakuvaa namba kifuani. Mapigano ya Salamabila, kule kwenye dhahabu, yaliwatoa watu majumbani na watoto mgongoni na sufuria kichwani, na aliyefika kijiji cha mbele kwanza ndiye aliyeleta habari. Kwa hiyo mtu akionekana anatimua mbio barabarani asubuhi, wa kwanza kumwona hapigi makofi. Anatazama nyuma ya yule mkimbiaji, kisha anatafuta watoto wake. Mimi nikikaribia kijiji hupunguza mwendo na kupaza sauti: "Jambo wazee, ni mazoezi tu!" Hata hivyo, anayenitetea zaidi ni Lengelenge. Mtu anayechechemea hamtishi mtu. Akina mama wanaendelea kutwanga sombe, mzee mmoja anasema pole, na mgeni anapita na heshima yake. Sijui kocha gani wa Iten, kule Kenya kwa wakimbiaji, angeweza kunifundisha hilo.

Sasa nasaba yake, maana sifa bila nasaba ni makelele. Lengelenge ana kaka mkubwa, Kidonda, ambaye jina lake limo katika historia ya dunia kwa sababu ya Kabambare. Mwezi Juni 1870 David Livingstone alitoka hapo, wakati ule akipaandika Bambarre, akiutafuta mto Lualaba. Watu waliokubali kumfuata walikuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Alikuwa ametembea Afrika kwa miaka mingi. Safari hii miguu yake ikagoma. Julai 22 akarudi Kabambare akichechemea, akaingia kibandani, na vidonda vikamfungia humo siku 80. Dawa aliyoiona inafaa ni malakiti, jiwe la kijani la shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya. Akiwa katika nchi hii ya Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Wamisionari wangapi wamejaribu kumkalisha mtu chini asome kiasi hicho, wakashindwa? Kidonda aliweza. Alipopona alingoja watu wapya kutoka Zanzibar, akaondoka Februari 1871, na mwezi uliofuata akaingia Nyangwe, penye ule mto.

Lakini Livingstone aliandika pia kwamba vidonda vya namna ile vilikuwa vikiua watumwa wengi. Njia hii ilikuwa ya misafara: kutoka ziwa Tanganyika, kupitia Kabambare, hadi Kasongo na Nyangwe, na kurudi na pembe juu ya mabega ya watu waliofungwa. Wao hawakuchagua kutembea, na hapakuwa na siku ya mapumziko katika ratiba yao. Kwa habari yao Kidonda hapati sifa yoyote kutoka kwangu. Hapo namruka.

Ana pia mpwa asiye na adabu, Funza. Huyu alishuka melini pwani ya Angola mwaka 1872, akitokea Brazil, na kabla karne haijaisha alikuwa amekwisha kufika Zanzibar, bahari hadi bahari, akisafiri ndani ya vidole vya watu. Ni mkimbiaji hodari kuliko sisi sote, lakini anasafiri kwa miguu ya wengine, na desturi hiyo tunaiona kwa wengi wanaokwenda mbali.

Turudi kwa Lengelenge na matendo yake makubwa. Septemba 10, 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia mitaa ya Roma bila viatu, kwa sababu viatu alivyopewa havikumkaa vizuri. Kwa maneno mengine, alimwogopa Lengelenge kuliko mawe ya Roma. Akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia kabla yake. Dunia ilimpa Bikila medali, ikawa sawa. Yule aliyemshauri avue viatu hakutajwa popote.

Na yupo John Stephen Akhwari wa Tanzania, Mexico City, Oktoba 20, 1968. Mji uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, misuli ikamkaza, kisha katika msukumano akaanguka, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, wa 57 na wa mwisho, kati ya watu 75 walioanza. Maneno aliyowajibu waandishi yamenukuliwa hadi yamechakaa, sitayarudia. Mimi huitazama bandeji. Katika picha zile imelegea, inaning'inia gotini, inapiga kila anapoweka mguu chini. Kwa mtu aliyewahi kukimbia na kitambaa kilicholegea ndani ya kiatu, hilo peke yake ni mateso ya kutosha. Wale 18 walioacha njiani walikuwa wanariadha wa Olimpiki pia, lakini nani leo anayataja majina yao?

Wanaomchukia Lengelenge husema anakuja wakati mbaya. Wakati gani ni mzuri? Baada ya kilomita 30 hivi sukari iliyowekwa akiba kwenye misuli inapungua, mapaja yanakuwa mazito, na kichwa kinaanza kufanya hesabu za kijinga. Waliokushangilia mwanzoni wameshakwenda kula. Rafiki uliyeanza naye ama yuko mbele sana, ama ameomba kupakiwa kwenye pikipiki. Hapo ndipo utajua nani wako. Yeye yupo, anahesabu kila hatua nawe, mguu wa kushoto hasa. Nimewahi kumshukuru kwa sauti, na mwenye pikipiki aliyekuwa akipita akaongeza mwendo.

Nasikia vijana wa Kasongo wakisema siku moja tuwe na marathoni yetu, ianzie mjini na kufuata njia ya Kabambare, wageni waje, redio itangaze. Naunga mkono. Tutahitaji kamati, na kamati nazijua. Mwenyekiti atapatikana kwa mizani ya kawaida ya ukoo na chama. Katibu atafutwe yeyote anayeweza Kifaransa cha barua za wafadhili. Hazina naomba akabidhiwe Lengelenge. Kila tone analopokea linaonekana kwa macho, na ukimtoboa, kinachotoka ni kile kile kilichoingia.