Kijani Juu ya Kijani

Ukitaka kupima udugu, usimkopeshe ndugu yako fedha. Mpeleke msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki juu ya Muheza, kisha mbishane jina la ndege mmoja mdogo.

Amani ni pazito kwa wapenda ndege. Mwingereza Reginald Moreau alianza kazi hapo mwaka 1928, na kidege kimoja cha kijivu chenye mdomo mrefu kikapewa jina la kisayansi kutokana na lake. Mkewe Winifred naye hakusahauliwa: ndege wa jina lake yuko Uluguru. Sisi tuliopanda huko, mimi, kaka na shemeji yetu, hatukutaka makubwa hayo. Tulitaka kujua tu yule aliyekuwa juu ya mti ni nani.

Bahati mbaya alikuwa shore, na shore wa msituni ni ukoo usio na huruma. Wengi wao ni kijani kilichofifia, wanaishi katikati ya majani, na vitabu huwatofautisha kwa mambo kama rangi ya jicho. Jicho la ndege asiyetulia, ndani ya ukungu! Shemeji alifuta darubini kwa shati lililolowa, ikawa anatazama uji.

"Koo jeupe," akatangaza.

"Jeupe wapi? Ni njano," akadakia kaka. "Ndivyo ulivyohesabu na mahari ya dada yetu."

Kabla shemeji hajajibu, kaka akaanza kurusha mkono mmoja, halafu wa pili, huku akijipiga mapaja. Tukadhani anatuigizia ndege. Kumbe tumesimama katikati ya msafara wa siafu! Punde sote tukawa tunaigiza.

Kijana aliyetuongoza, ambaye muda wote alikuwa akitazama anapokanyaga, hakuinua hata kichwa. "Wazee wangu, huyo ni shore mwenye michirizi ya njano. Nimemsikia tangu tunafika. Koo jeupe, njano iko chini yake. Tena hupanda shina la mti akifunua bawa moja moja, kama mzee anavyofanya sasa."

Tukatazama. Ndege alikuwa shinani, akifunua bawa moja moja, bila siafu hata mmoja.

Basi msomaji, ukipanda Amani, sikiliza kabla hujatazama. Mwangalie ndege anafanya nini kabla hujauliza ana rangi gani. Na kabla ya yote hayo, chomeka suruali ndani ya soksi.