Bega Langu na Bunduki ya Binti

Wanaume wa Kentucky ukiwauliza njia ya kwenda posta, watakwambia hawaijui. Waulize bunduki inayomfaa mtoto wa miaka kumi na tatu anayeanza kulenga shabaha, watazima gari katikati ya barabara, washuke, wakuchoree na mchoro.

Balaa hili kaniletea kitinda mimba wangu. Hapa Lexington dini ya kwanza ni mpira wa kikapu, nami nilishajiandaa kuwa mzazi wa kikapu: viatu nimenunua, kelele nimejifunza. Binti huyu akaenda kuangalia timu ya bunduki ya Chuo Kikuu cha Kentucky, timu iliyobeba ubingwa wa vyuo vikuu mwaka 2011, 2018, 2021 na 2022, wasichana na wavulana wakichuana kwenye mstari mmoja bila kupendeleana. Akarudi kapagawa. Akanisimulia habari za Will Shaner, kijana aliyelengea chuo hicho hicho akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo mwaka 2021. Kisha akaniuliza mbele ya mama yake: "Baba, si wewe ulikuwa mwanajeshi?"

Hapo ningesema kweli yangeisha. Ningesema nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, kambi ya Mafinga, mwaka 1991, na silaha niliyoishika kuliko zote ni jembe. Lakini wewe ungefanyaje? Nilipandisha suruali nikasema, "Tutaangalia."

Kesho yake ghalani ninakofanya kazi nikatangaza shida yangu. Dereva wa foklifti akasema mnunulie .308, aanze na kitu cha kweli. Wa pili akasema .30-06, maana yeye babu yake alimpa akiwa na miaka minane, na mpaka leo ni mzima. (Nilimwangalia. Sikuona dalili.) Wa tatu akataja dude la bei ya gari. Nimegundua kwamba hakuna aliyekuwa akimchagulia binti yangu bunduki. Kila mmoja alikuwa ananieleza alivyo dume yeye. Ni Mkongo mmoja tu, mtu wa Uvira, aliyeacha kula akanitazama kwa huruma: "Miye nilikimbia bunduki kule, weye unaitafuta na feza yako?" Huyo sikumjibu, na sijapata jibu hadi leo.

Jumamosi yule wa .308 akanialika shambani kwake nijaribu. Nikalala kifudifudi kijeshi, nikaegemeza kitako begani, nikafyatua. Mambo yaliyofuata siyakumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka mbingu. Nakumbuka kofia yangu ilikuwa mahali ambapo sikuiacha. Kwenye shabaha hakukuwa na tundu hata moja, na mwenyeji wangu, mtu mwenye adabu, akasema labda karatasi ilikuwa imechoka.

Usiku mama watoto akinichua bega kwa mafuta alikuwa anacheka kimyakimya. Nilijua kwa mtikisiko wa kiganja.

Aliyeniokoa ni kocha wa klabu ya vijana, mama wa makamo, mfupi, anayeongea kama anabembeleza mtoto alale. Akaniambia teke la bunduki halina ugomvi na mtu, ni hesabu: risasi inavyokwenda mbele, bunduki nayo inadai kurudi nyuma. Risasi ya .308 ina kama gramu kumi na hutoka kwa kasi ya mita 800 na zaidi kwa sekunde. Ile ndogo ya .22, ya mwendo wa polepole, ina gramu 2.6 na kwa sekunde haifiki mita 340. Nishati ya teke la ile kubwa inaizidi ya ndogo zaidi ya mara hamsini. Na ubaya wa teke, akasema, si maumivu. Ubaya ni kwamba mwili una akili zake. Ukishaumia mara mbili, mara ya tatu bega linaruka na macho yanafumba kabla risasi haijatoka. Yeye huwapima wanafunzi kwa kuchanganya risasi bandia na za kweli: mtu akifyatua bandia, bunduki isilie, mtutu ukainama wenyewe kama unasalimia, basi huyo ameshaharibika, na kumtengeneza ni kazi ya miezi.

Nilitikisa kichwa kwa ukakamavu, kama mtu anayesikia habari za watu wengine.

Akapendekeza bunduki ya upepo, na asipoitaka basi .22. Bunduki ya upepo! Nikajiona nimebebeshwa manati. Kumbe ndiyo hiyo iliyompa Shaner dhahabu: unasimama mita 10, na duara la alama kumi lina upana wa nusu milimita, yaani nukta ya mwisho wa sentensi hii. Nikanyamaza, ila kwa ajili ya heshima ya ukoo nikachagua .22.

Nayo .22 si ya jana. Risasi yake ipo tangu 1887, boksi la hamsini huku unalipata kwa dola chache, wakati hamsini za .308 ni pesa ya kumlipia mtu karo Mbeya. Kocha akasisitiza tununue zile za mwendo wa polepole, zisizovuka kasi ya sauti, kwa kuwa zinatulia hewani. Bidhaa ya polepole ikiwa bora kuliko ya haraka: ni Marekani gani hii?

Dukani muuzaji akanisifia Ruger 10/22, inayotengenezwa tangu 1964, inakula risasi kumi na kujipakia yenyewe. Ni nzuri, sikatai, lakini kocha alishaniusia: anayeanza apewe ya kuvuta komeo kila risasi, apate nafasi ya kuvuta na pumzi. Tukapima kimo. Unaweka kitako kwenye kiwiko cha mtoto, unaangalia kama kidole kinafika kwenye kifyatulio. Za watu wazima zilimfanya binti arefushe shingo kama anayechungulia ya jirani. Tukapata fupi, dola mia tatu na ushee, nami kwa kasoro ya kuzaliwa nikaigeuza kuwa shilingi palepale dukani nikatafuta kiti. Kisha fomu namba 4473, inayoniuliza kama nimewahi kuukana uraia wa Marekani. Uraia nilioungoja miaka kumi na moja, niukane lini? Sijamaliza hata kuwatambia watu.

Siku ya kwanza klabuni, miwani machoni, vizuia sauti masikioni, binti akafyatua kumi. Zote zikaenda pembeni kama zimeitwa. Nilishaanza kumlaumu muuzaji, kocha akamwambia anyooshe mikono, aache kitundu kati ya viganja, aangalie saa ya ukutani, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Binti anaandika kwa mkono wa kulia, lakini jicho lake bosi ni la kushoto. Bunduki niliyonunua, na komeo lake, ni ya mkono wa kulia.

Wakati kocha akimtafutia ya klabu ya kushoto, nami nikajipima kwa siri. Kushoto! Miaka thelathini na zaidi nimeishi na aibu ya Mafinga, risasi kumi bila tundu, afande akiniuliza mbele ya kombania nzima kama nimetumwa na adui, kumbe ni jicho! Sikusubiri kufika nyumbani. Nikampigia Dodoma mwenzangu tuliyelala naye hema moja, nikamweleza sayansi yote, jicho bosi, mkono wa kulia, kila kitu.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Kaka," akasema, "mimi nilikuwa nimelala pembeni yako. Ulikuwa unafumba yote mawili."