Bakshishi ya Pula 20

Noti ya pula 20 bado imo mfukoni mwa suruali, na kila nikiigusa uso unapata moto. Nimepewa jana jioni kwenye gati la Kasane, kaskazini mwa Botswana. Mzee mmoja mtalii alinishika bega, akanipenyezea noti kiganjani kama mjomba anayemuaga mpwawe stendi, akasema, "Umetuhudumia vizuri sana, kijana." Kabla sijapata la kujibu alishapanda gari la hoteli. Boti tuliyoshuka nililipia bei ile ile aliyolipa yeye, na kiti changu kilikuwa nyuma ya chake.

Boti zenyewe ni jambo la kusimulia. Zimeundwa kwa ajili ya wapiga picha: kingo fupi, viti vinavyozunguka pande zote, na mbele ya kila kiti umesimama mkono wa chuma wa kubebea kamera. Lenzi niliyokodi ina kilo mbili na ushei. Ukiishika mwenyewe, baada ya muda picha zinaanza kutetemeka, lakini juu ya mkono ule unaizungusha kwa kidole. Mwongozaji wetu, Mtswana niliyemwita Rra kama wanavyoheshimiana huko, anaigeuza boti mpaka jua liwe migongoni mwenu, kisha anaiachia ielee.

Mto Chobe ni mpaka. Ng'ambo ni Namibia. Kisiwa cha Sedudu kilichopo katikati kilizifikisha nchi mbili hizi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na mwaka 1999 Botswana ikashinda. Tembo hawakupelekewa nakala ya hukumu. Wanaogelea kwenda na kurudi, mikonga juu, na siku nyingine wanaibukia Namibia bila mtu kuwauliza pasipoti.

Jana lakini hatukuwafuata tembo. Juu ya mti mkavu alitua kwazi, kichwa cheupe pe, yule yule aliyemo kwenye bendera ya Zambia. Rra akazima injini. "Mtazameni mkia," akanong'ona. Ndege wakubwa wengi hujisaidia kabla ya kuruka. Mkia ukinyanyuka, kidole kiwe tayari.

Hapa naomba niieleze kamera kidogo, maana tangu nisome kitabu chake cha maelekezo usingizi umenipungua. Kamera za siku hizi zinapiga picha kabla hujapiga. Ukikibonyeza kitufe nusu, inaanza kuchukua picha, ishirini na zaidi kwa sekunde, inazishikilia kwa muda, na za zamani inazitupa kadiri mpya zinavyoingia. Ukibonyeza hadi mwisho, inakuandikia kwenye kadi hata zile za nusu sekunde iliyopita. Yaani binadamu, ambaye kidole chake siku zote huchelewa nyuma ya macho yake, anaruhusiwa kupiga jambo lililokwisha kutokea! Halafu inatafuta jicho. Imefundishwa kwa picha nyingi mno za wanyama na ndege hadi ikajua jicho likoje, na ikishaliona hailiachi. Na isipofanya hivyo umekwisha, kwa sababu kwenye lenzi ya milimita 600, ndege akiwa mita 20 kutoka kwako, kina kinachoonekana kwa ukali ni kama sentimita 40 tu. Kwa kitu kilicho mita 3, kinabaki kama sentimita moja. Jicho likiwa kali picha imepona, hata kama mkia ni ukungu. Kamera haimjui kwazi wala haiijui Botswana. Inajua jicho.

Mkia ukanyanyuka. Ukatoka mstari mrefu mweupe. Kwazi akajiachia kutoka tawini, akashuka akiwa ametanguliza makucha, na sekunde hiyo hiyo mzee wa mbele yangu akazungusha kiti, akanielekea uso kwa uso na kopo tupu mkononi.

"Nyingine," akasema. "Ya baridi kweli safari hii."

Kofia yake ilitariziwa kichwa cha simba. Simba yule alikuwa na jicho.

Sasa nina mfululizo mzima wa simba wa uzi, na kwa ukali sijawahi kupata picha kama hizo. Jicho limezungushiwa uzi wa manjano, duru ndani ya duru, katikati fundo jeusi. Chini ya kope uzi mmoja umefumuka, na malaika yake unaweza kuyahesabu. Kwenye kona ya juu, nje ya ile sentimita moja, kuna doa la kahawia na doa jeupe. Ukiambiwa ni kwazi anayenyakua samaki, utakubali kwa kumheshimu aliyekwambia.

Bia nilimpa. Deli la barafu lilikuwa miguuni pangu, na nimelelewa kwamba mtu mzima akikuomba kitu, unampa.

Usiku nimewaza alichokiona mzee yule. Boti nzima tulivaa kaki, yeye kunishinda, na mkono wangu ulikuwa juu ya lenzi ndefu kuliko kopo lake mara tatu. Kilichonitenga na abiria wengine ni kimoja, na msomaji hahitaji kutajiwa. Fungua kipeperushi chochote cha safari hizi: mweusi anashika usukani, anashika trei, au ananyoosha kidole kule simba aliko. Kamera iko kwa mgeni. Na Rra je? Kwazi alimwona yeye, jua alilipanga yeye, mkia aliusoma yeye. Picha ikipata tuzo, chini yake litaandikwa jina la mwenye kidole. Hili halinichekeshi hata kidogo. Nilipomsogezea ile noti, aliirudisha mkononi mwangu. "Hiyo umeitolea jasho mwenyewe, rra," akasema, akacheka mpaka akashika nguzo ya gati.

Yaliyotangulia Kasane hayana urefu. Etosha, kule Namibia, kwenye kisima cha Okaukuejo kinachomulikwa taa usiku, faru mweusi alikuja kunywa maji wakati mama mmoja ananiuliza kifungua kinywa kinaanza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu, na asubuhi akanishukuru. Kruger, Afrika Kusini, nyani alichukua mkate wangu. Picha nilizotoka nazo humo ni za swala pala, ambao ndio wamejaa kila kona ya hifadhi ile, wale wale unaowaona bure dirishani basi la Mbeya likipita Mikumi.