Karani Mwenye Kiherehere

Ijumaa, saa tisa alasiri, mratibu wa mradi mmoja wa utafiti jijini Dar es Salaam alikuwa amebakiza kazi moja tu kabla ya kwenda kupambana na foleni: posho za wadodosaji 43 waliorudi kutoka vijijini. Majina yapo, namba za simu zipo, namba za vitambulisho vya taifa, yaani NIDA, zipo. Akabandika kila kitu kwenye shiti ya Excel, akahifadhi, akamtumia mhasibu, akabeba mkoba wake.

Hajafika hata kituoni, simu ikaanza kutetemeka. "Dada samahani, mzigo haujasoma." Mwingine akafuata: "Dada shikamoo, na mimi bado." Wa tatu hakuandika neno, alituma kikatuni kinacholia. Kufikia saa kumi na mbili jioni mratibu alikuwa amerudi ofisini, taa za korido zimeshazimwa, anaikodolea macho shiti aliyoiandaa kwa mkono wake mwenyewe.

Sifuri zote za mwanzo zilikuwa zimetoweka. Namba iliyoanza na 07 sasa ilianza na 7. Kwa akili ya Excel hapo hakuna kosa: sifuri iliyotangulia mbele ya namba haina thamani, na hilo hata mwalimu wa hesabu wa darasa la pili alishalisema. Kwamba namba ya simu si hesabu, na kwamba hajawahi kutokea mtu akajumlisha simu yake na ya shemeji yake ili apate jibu, hayo programu haikuelezwa.

Wajanja walioandika simu zao kwa kuanza na 255 nao hawakupona. Excel ikikutana na namba ya tarakimu 12 huiona ndefu mno, ikaifupisha kwa mtindo wa wanasayansi. Safu ikiwa nyembamba, hukadiria zaidi: namba inayoanza na 2557 inakuwa 2.56E+11. Ndani ya seli namba kamili bado ipo, imejificha. Lakini faili likihifadhiwa kama CSV, ambayo mifumo mingi ya malipo huipenda, kinachoondoka ni kile kinachoonekana kwenye kioo. Kwa hiyo wadodosaji kumi na mmoja walijikuta wana simu moja ya ukoo, na kwa kukadiriwa tu wakawa wamehamishiwa Uganda, maana 256 ni msimbo wa kule.

Kituko kikubwa zaidi kilikuwa safu ya vitambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel huweka kumbukumbu ya tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazozidi huzifuta na kujaza sifuri. Ukibandika namba hizo bila vistari vyake, kila Mtanzania anaishia na 00000. Yaani sifuri zilizofyekwa mwanzoni mwa simu zilikuwa zimepandikizwa mwishoni mwa vitambulisho, kwa haki na usawa, bila kengele wala taa nyekundu.

Kila ofisi imewahi kuwa na karani wa namna hii. Unampa barua apeleke, yeye anaifungua, anarekebisha anachodhani ulikosea, anaifunga tena, na wewe unakuja kujua baada ya wiki mbili. Tofauti ni kwamba huyu wa kwenye kompyuta yuko katika kila ofisi duniani, na hajali cheo cha anayemsaidia.

Waulize wataalamu wa jeni. Binadamu ana jeni zinazotengeneza septini, protini zinazosaidia seli kugawanyika, na kwa miaka mingi zilifupishwa SEPT1, SEPT2 na kuendelea. Kuna nyingine zilizoitwa MARCH1 na wenzake. Mtafiti anaandika SEPT2, anabonyeza Enter, na Excel inamwandikia 2-Sep. Imeona Septemba, imefurahi, imesaidia. Onyo la kwanza kuhusu balaa hili lilichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2016, watafiti wa Melbourne walipekua makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika Excel, wakakuta karibu moja kati ya kila tano ina makosa ya aina hiyo. Ungedhani aibu ingetosha. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2021, wa makala zaidi ya 11,000, ulikuta makosa yamepanda hadi takriban asilimia 31.

Mwaka 2020, kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu, HGNC, ilichoka. Haikuibadilisha Excel, ilibadilisha jeni. SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji, aliyekuwamo ndani ya mwili wa binadamu kabla hata kalamu haijabuniwa, akaambiwa abadili jina ili mgeni asichanganyikiwe.

Na bado hatari haijaisha, kwa sababu Excel hubadilika kulingana na lugha ya kompyuta. Ipo jeni inayoitwa MEI1, inayohusika na utengenezaji wa mayai na mbegu za uzazi. Katika kompyuta ya Kiholanzi, ambako mwezi wa tano huitwa mei, jeni hiyo hugeuka tarehe. Mei ni Mei hata kwetu. Maabara itakayojivunia kuweka kompyuta zake kwa Kiswahili ijiandae: siku moja jeni ya uzazi inaweza kuamka ikiwa Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi, na kazi ikasimama.

Wakati mwingine karani habadilishi kitu. Anakaa kimya tu. Uingereza, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa katika faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari ilipojaa, waliobaki waliachwa nje kama abiria wa daladala lililoshona, ila hapa hakuna konda aliyepiga kelele kwamba gari limejaa. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Waliochelewa kutafutwa ni watu waliokaa nao karibu.

Mratibu wetu, Ijumaa ile usiku, hakuwa akiwaza Uingereza. Alimpigia kijana wa TEHAMA, naye akampa dawa inayojulikana na kila mhasibu aliyewahi kulia: tanguliza ritifaa. Ukiweka alama ' kabla ya sifuri, Excel inaelewa kuwa haya ni maandishi, inaondoa mikono yake. Alama ndogo kama sisimizi, na ndiyo inayomtuliza karani.

"Lakini si kuna sehemu ya kuzima hii kitu moja kwa moja?" mratibu akauliza.

Ipo. Oktoba 2023 Microsoft waliongeza swichi kwenye mipangilio: mtumiaji anaweza kuizuia Excel isifute sifuri za mwanzo, isifupishe namba ndefu, isigeuze herufi na namba kuwa tarehe. Kijana wa TEHAMA aliielezea kwa ufasaha mkubwa. Kisha akakumbusha kwamba kompyuta ya mratibu ina Excel ya mwaka 2010, na ombi la kununua mpya liko mezani kwa mkurugenzi tangu bajeti ya mwaka juzi.

Jumatatu asubuhi mratibu akaketi na chai ya rangi, akabandika upya vitambulisho na vistari vyake, akachapa upya simu na ritifaa 43, moja baada ya nyingine, akapakia faili kwenye mfumo wa malipo. Malipo 42 yakapita. Moja likakataliwa: herufi isiyoruhusiwa, mstari wa 31. Akaenda mstari wa 31, akakagua simu, ikawa sawa. Akakagua kitambulisho, kikawa sawa. Akasoma jina. Lilikuwa jina la ukoo linaloanza na Ng', na mfumo ulikuwa hautaki kabisa kuona ritifaa ndani ya jina la mtu.

Akaifuta. Malipo yakapita.

Mchana mdodosaji mwenyewe alifika ofisini kusaini orodha, akasalimia, akashukuru kwamba hela imesoma. Akashika kalamu, akashuka na kidole hadi mstari wa 31, akasimama.

"Dada," akasema taratibu, "hapa nimsainie nani?"